Paka Si Idara Yangu

Jumapili, 4 Agosti

Mwezi wa saba umeingia leo kwa kalenda ya wazee wetu wa Kichina. Milango ya kuzimu imefunguliwa na wafu wako njiani, wana njaa. Nimeshuka na karatasi zangu za kuchoma, maana kinachoungua ndicho kinachowafikia; pipa la chuma halijaletwa, nimepanda tena. Magoti yanauma.

Daftari hili lilikuwa la mume wangu, Hock Leong. Aliandika matokeo ya mpira kurasa nne, akachoka, ndivyo alivyokuwa. Nitaandika mimi mpaka mwezi uishe, maana humu ndani sina wa kuzungumza naye ila Tauhu, na Tauhu hajibu.

Haya, nimeshamtaja. Basi. Nina paka. Nyumba hizi za serikali ukitaka mbwa mdogo, ruksa, abweke atakavyo. Paka, marufuku. Na mimi ghorofa ya tisa nina paka mweupe, mnene, wa miaka tisa. Hock Leong alimleta siku ya mvua, kamfungia ndani ya shati, akasema, "Atakaa mpaka mvua iishe." Hock Leong mwenyewe ana miaka minne tangu afariki, na ile mvua kwetu haijaisha. Mapazia yangu yamefungwa miaka tisa.

Mlango wa kulia ni wa Bwana Selvam. Miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuandikia watu faini: aliyetema mate, aliyetupa kitako cha sigara, aliyelisha njiwa. Inasemekana alimwandikia hata mpwa wake. Amestaafu kazi, macho hayajastaafu.

Jumatatu, 5 Agosti

Mvua asubuhi. Bwana Selvam kanikuta kwenye korido, kaanza, "Mama Quek, hivyo vyungu vyako vya pilipili..." Nimevivuta ndani kabla hajamaliza sentensi.

Jumatano, 7 Agosti

Kuna barua.

Bahasha ndefu, muhuri wa ofisi ya nyumba, jina langu lote. Hapa kwetu barua ya ofisi haileti salamu. Nimeipindua mara tatu, sikuifungua. Nimeifukia kwenye ndoo ya mchele, chini kabisa, nikashindilia mchele juu. Ukiwa hujaisoma, hujaambiwa.

Nani kanishtaki? Hata sihitaji kuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa chumba chake, na Tauhu hulia saa kumi na moja alfajiri akitaka samaki.

Mkewe, Pushpa, alikuwa mtu. Hakula nyama wala samaki maisha yake yote, lakini kila Ijumaa aliniletea vichwa vya samaki toka sokoni, eti vya supu yangu. Ananikabidhi mfuko, anatabasamu, anachungulia kidogo nyuma ya bega langu, anaondoka. Kafariki mwaka jana mwezi wa pili. Sijui mwanamke mwema vile alimpataje mwanamume aliyenyooka kama rula.

Ijumaa, 9 Agosti

Sikukuu ya taifa. Ndege za kijeshi zimepita juu ya paa. Tauhu kaingia kabati la sufuria, hakutoka mpaka wimbo wa taifa.

Jumapili, 11 Agosti

Rohayah wa ghorofa ya pili kanishika chini, kwenye masanduku ya barua. Huyu ndiye anayelisha paka wa nje wa jengo letu, wote wana majina. Eti kuwalisha nako ruksa, mradi uondoe sahani. Sikujua.

"Shangazi, umesikia? Tarehe mosi mwezi wa tisa paka ruksa majumbani. Wawili kwa kila nyumba!"

"Mimi nina paka?"

"Sijasema unaye. Nasema ruksa."

"Na mwenye naye afanyeje? Nauliza tu."

"Amwandikishe, apate kibali. Kwa simu, dakika chache."

"Wakimuuliza amekaa naye tangu lini?"

Rohayah kacheka mpaka kashika sanduku la barua. "Shangazi nawe! Wana muda huo?"

Wana muda. Nchi hii ina muda wa kukutoza faini kwa kutovuta maji chooni, itakosa muda wa kuhesabu miaka tisa? Mimi mtego naujua. Wanasema njoo na paka wako tumwone, wewe unakwenda na tabasamu, wao wanafungua daftari. Lisemwalo lipo, sawa, lakini acha waende wengine kwanza.

Jumanne, 13 Agosti

Joto. Tauhu kalala sakafuni siku nzima. Bado sijaisoma barua.

Jumatano, 14 Agosti

Nimemkamata! Za mwizi ni arobaini!

Nilikuwa nyuma ya pazia, naangalia korido kupitia ule upenyo wangu. Bwana Selvam kasimama kwenye ukingo, mikono nyuma kama yuko kazini, na taya linakwenda. Linatafuna. Chingamu! Mzee wa faini, mchana kweupe, anatafuna chingamu katika nchi iliyoipiga marufuku!

Sasa tutaongea lugha moja. Akigusa paka wangu, naigusa chingamu yake.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimeaibika, ila nitaandika.

Nilimvizia kwenye lifti. Nikamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, "Bwana Selvam, jana nimekuona unatafuna."

"Ndiyo," akasema.

"Nimeona kwa macho yangu."

"Ndiyo, Mama Quek. Ni ya kuacha sigara. Tangu Pushpa aondoke nilirudia sigara, sasa naacha. Inauzwa na mfamasia, jina langu liko kwenye daftari lake." Akatoa mfukoni kiboksi, akanionyesha, hata sikumwomba. "Inaruhusiwa."

"Lakini kutafuna..."

"Kutafuna hakujawahi kukatazwa. Kuuza kiholela na kuingiza nchini ndiko kosa. Watu huchanganya."

Nimeishi miaka thelathini na mbili nikiamini kwamba meno yangu ni mali ya serikali. Mwaka ule marufuku ilipoanza nilikuwa na pakiti mbili nyumbani. Nilizifunga kwenye soksi, nikazitupa mtaa wa pili.

Alipofika mlangoni kwake akageuka. "Na mpwa wangu sikumwandikia faini. Nilimwambia aokote. Akaokota."

Sikuwa nimemuuliza la mpwa. Kumbe anayasikia tunayosema.

Jumapili, 18 Agosti

Leo mwezi umejaa, siku ya kumi na tano, na ndiyo siku yenyewe ya kuwalisha wafu. Tangu saa kumi jioni watu wanashuka na mifuko. Moshi umejaa mpaka ghorofa ya nne. Ukikaa ukafikiri ni ajabu: nchi ambayo kikaratasi kikikudondoka unatozwa faini, mwezi huu watu wazima tunachoma magunia ya karatasi uwanjani, na pipa tunaletewa na ofisi ya mtaa. Siku nyingine ukiweka chungwa kwenye majani ni takataka. Leo ni chakula cha wageni, hata mfagiaji analizunguka.

Nimemchomea Hock Leong shati la karatasi, viatu, na simu ya karatasi pamoja na chaja yake, maana mwaka jana nilisahau chaja. Kisha nikatoa kikombe chake.

Nieleze hicho kikombe. Kila jioni Hock Leong alikaa kwenye benchi la saruji chini ya jengo, na kikombe cha chai chenye mfuniko. Ndani ni bia. Mfuniko nilimnunulia mimi, ili Bwana Selvam akirudi kutoka kazini asione povu. Miaka kumi na moja mume wangu alikunywa bia ya vuguvugu iliyokufa, anapuliza juu kidogo eti ina moto. Leo nimekuja nacho, nimemimina bia chini karibu na pipa, nimefunika tena haraka. Mazoea.

Nikasikia nyuma yangu: "Hiyo ni chai?"

"Chai."

"Chai yenye povu."

Moto unanichoma usoni, na yeye nyuma yangu.

"Mama Quek," akasema, "kunywa bia kwenye lile benchi hakukuwa kosa. Mpaka saa nne na nusu usiku mtu anakunywa. Zamani hata hiyo saa haikuwepo."

"Unasema nini?"

"Inaruhusiwa. Siku zote iliruhusiwa."

"Mbona hukumwambia, mwanamume wewe? Miaka kumi na moja!"

"Hakuniuliza. Nilidhani anapenda kile kikombe."

Jamani. Nilianza kucheka, nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye ukingo wa majani, halafu nikajikuta nalia, maana nilimwona Hock Leong wangu anapuliza ile bia. Bwana Selvam hakujua aweke wapi mikono. Mwishowe akaona ufagio wangu, akauchukua, akaanza kufagia majivu. Akawa anasema, pengine kwa ajili ya kusema kitu, "Moto uwe ndani ya pipa, majivu yasiruke, ukimaliza ufagie. Ni hayo tu. Mengine watu hujikataza wenyewe."

Alifagia vizuri. Alifika mpaka kwenye pembe.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimevirudisha vyungu koridoni, nione. Kapita. "Pilipili zimeiva," kasema. "Siku ile nilitaka kukwambia uzichume kabla ndege hawajazila."

Nimempelekea bakuli la pilipili. Lakini barua bado iko kwenye mchele. Mtu anaweza kufagia vizuri na bado akakushtaki.

Alhamisi, 22 Agosti

Jukwaa la nyimbo limesimamishwa uwanjani. Safu ya mbele viti vitupu, vya wafu, kama kawaida. Tauhu anakunywa maji mengi kuliko siku zote.

Jumapili, 25 Agosti

Tauhu kaacha nusu ya chakula. Joto, nadhani. Siku saba zimebaki kufika tarehe mosi. Sijasema naamini. Nahesabu tu.

Jumatatu, 26 Agosti

Kaacha chakula chote.

Jumanne, 27 Agosti

Kuna kitu. Anakwenda kwenye beseni lake la mchanga, anachuchumaa, anakaza, hakuna kinachotoka. Anarudi, anazunguka, anakwenda tena. Nimehesabu mara kumi na tisa tangu asubuhi. Nikimgusa tumbo ananing'ata, na Tauhu hajawahi kuning'ata, hata nilipomkanyaga mkia.

Kuna daktari wa wanyama mtaa wa sokoni. Nimepita pale miaka tisa nikitazama upande mwingine. Ukiingia pale watakuuliza jina, watakuuliza unakaa wapi, na ukisema ghorofa ya tisa jengo la serikali, simu inapigwa. Kisha wanakuja wawili, wana kitambulisho shingoni, wana boksi.

Vumilia, mwanangu. Siku tano tu. Nilimwambia hivyo, siku tano tu, naye kanitazama kama asiyenijua. Mungu wa mbinguni, siku tano!

Jumatano, 28 Agosti

Naandika saa kumi jioni.

Asubuhi nimemkuta ametapika, kalala pembeni ya matapishi yake mwenyewe. Nilimwita, hakuinua kichwa. Sikio moja tu liligeuka.

Nikaacha kufikiri. Nikachukua kigari changu cha sokoni cha magurudumu mawili, nikaweka taulo, nikamweka Tauhu, na juu yake nikapanga karatasi za kuchoma mpaka juu. Bibi kizee anakwenda kuchoma karatasi mwezi wa saba, nani atamuuliza? Mpango wangu, nauandika ili nijue nilivyokuwa mjinga, ulikuwa niende duka la dawa za mitishamba, niseme nina mjukuu wa miaka mitatu hapati mkojo.

Lifti ikafunguka, na ndani yuko Bwana Selvam na gazeti lake.

Nikaingia. Ningefanya nini? Ghorofa ya nane. Ya saba. Ya sita. Ya tano, zile karatasi zikalia. Sauti ndefu, nzito, ambayo sijawahi kuisikia kwa Tauhu.

Bwana Selvam alikuwa anatazama namba za lifti. Aliendelea kuzitazama. Akasema polepole, "Paka si idara yangu."

Nikashika mpini wa kigari kwa mikono miwili.

"Haijawahi kuwa idara yangu. Idara yangu ilikuwa takataka. Lakini hiyo ni sauti ya maumivu, Mama Quek. Unampeleka wapi?"

"Duka la mitishamba."

"Kwa nini usimpeleke kwa daktari wa wanyama?"

Hapo nikapasuka. "Watanikamata! Watamchukua! Wewe si ndiye uliyewaandikia? Barua ninayo, iko kwenye mchele! Umeshinda, haya, furahi!"

Mlango wa lifti ukafunguka chini, mama mmoja akataka kuingia, akatutazama, akarudi nyuma. Bwana Selvam akaweka mkono mlangoni usijifunge.

"Sijui habari ya barua," akasema. "Sikuandika barua yoyote. Lakini nisikilize. Daktari ni daktari. Kumtibu paka si kosa. Leo si kosa, jana halikuwa kosa, mwaka aliomleta marehemu halikuwa kosa. Hakuna sheria hiyo. Haijawahi kuwepo."

"Una hakika?"

"Mama Quek," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona ana hasira, "miaka thelathini nilisoma sheria za nchi hii, neno kwa neno. Inaruhusiwa! Twende!"

Akasimamisha teksi. Dereva akauliza kuna nini kwenye kigari, Bwana Selvam akasema, "Mgonjwa," akakipakata mapajani, karatasi za wafu zimejaa kwenye shati lake jeupe. Mimi nilikuwa nimeshika gurudumu tu, nimelishika mpaka tunafika.

Pale mapokezi wakanipa fomu. Jina, nikaandika. Anwani, kalamu ikasimama. Nikaanza kuandika anwani ya dada yangu, ambaye ana nyumba yake ya chini, si ya serikali, paka kwake ruksa. Kidole cha Bwana Selvam kikashuka juu ya karatasi.

"Katika yote uliyofanya leo," akanong'ona, "hilo ndilo kosa pekee. Andika ya kweli."

Nikaandika ya kweli. Ghorofa ya tisa na kila kitu. Hakuna aliyepiga simu.

Daktari ni binti mdogo, miwani, viatu vya plastiki. Kamgusa Tauhu tumbo mara moja tu, akaita wenzake. Njia ya mkojo imeziba. Akaniambia, "Bibi, mngengoja mpaka kesho, kesho msingekuwa na wa kumleta." Na mimi nilikuwa nangoja tarehe mosi. Nilikuwa nangoja Jumapili ili niwe halali, na yeye angekufa Alhamisi.

"Anakula nini?" daktari akauliza.

"Samaki. Siku hizi wa kopo. Zamani vichwa vya samaki."

"Kila Ijumaa," Bwana Selvam akasema. "Mpaka mwaka jana mwezi wa pili."

Nikamgeukia. Daktari akaandika, akaondoka na Tauhu, tukabaki kwenye viti vya plastiki, ukutani picha ya meno ya mbwa.

"Wewe umejuaje Ijumaa?"

"Unadhani mfuko nani alibeba toka sokoni?"

"Vile vilikuwa vya supu yangu."

"Mama Quek. Pushpa hakuweza kutazama hata yai likivunjwa. Alipanga foleni kwa muuza samaki, kaziba pua na upindo wa sari, kwa ajili ya supu yako?"

Namwona mlangoni kwangu, anachungulia nyuma ya bega langu. Alikuwa anamtafuta Tauhu. Kila Ijumaa alikuwa anatafuta kumwona tu, na mimi nilisimama mlangoni nimeuziba na mwili wangu wote.

"Alijua tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Alimsikia ukutani. Akaniamsha: 'Wana paka! Sikiliza!' Alifurahi kama mtoto. Nikamwambia ni bomba la maji." Akakunja gazeti, akalikunjua. "Alitaka na sisi tuwe naye. Kila mwaka aliniuliza. Kila mwaka nilimwambia hairuhusiwi. Na hilo lilikuwa kweli, ndilo lililokuwa kweli, basi akawa anakununulia wako samaki."

Nikampa kitambaa changu. Kilikuwa kimelowa tayari, hakujali.

Wamemlaza. Wamemwekea mrija. Daktari kasema tusubiri.

Alhamisi, 29 Agosti

Yuko hai.

Ijumaa, 30 Agosti

Yuko hai, kakojoa, kamkwaruza muuguzi. Nimemwomba muuguzi radhi, sikuweza kuacha kucheka. Wamemtia kifaa cha utambulisho kinachotakiwa kwa kibali, chini ya ngozi ya shingo, kama punje ya mchele. Nimemuuliza daktari kwa sauti ya chini kama wanakuja wengi wa nyumba za serikali. Kasema, "Bibi, nusu ya wagonjwa wangu. Miaka yote." Miaka yote! Mimi nikitazama upande wa pili wa barabara.

Nimenunua vichwa vya samaki, halafu nikakumbuka kwamba daktari kavikataza. Nimepika supu. Mara ya kwanza katika miaka tisa nimekula mwenyewe.

Jumamosi, 31 Agosti

Tauhu nyumbani. Kanusa kila pembe kama mkaguzi. Bwana Selvam kaja na wavu na misumari, kafunga madirisha yote, kwa sababu kanuni mpya inataka paka asianguke. Kapima kila wavu mara mbili. Rohayah kaja kusaidia, kamwona Tauhu uso kwa uso, kapiga ukelele uliofika mpaka chini.

"Shangazi! Huyu ndiye 'mimi nina paka?'"

"Kesho," nikamwambia. "Leo bado sina."

Jumapili, 1 Septemba

Kabla ya kibali kuna somo la kwenye simu na maswali yake. Bwana Selvam anasoma, mimi najibu, Tauhu kalala juu ya miwani yangu. Swali: paka apewe maziwa ya ng'ombe? Nikajibu ndiyo. Nimekosa. Miaka tisa nimekosa.

Kisha akataka karatasi yoyote ya ofisi ya nyumba aone namba yangu kamili. Sikuwa na nyingine. Nikaleta ndoo ya mchele, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikatoa bahasha, ikamwaga punje mezani.

"Fungua wewe," nikasema. "Mimi siwezi."

Akafungua kwa kisu, kwa utaratibu, akasoma mpaka mwisho bila kubadili uso. Kisha akaiweka chini.

"Jengo linapakwa rangi mwezi wa kumi," akasema. "Wanaomba uondoe mianzi ya kuanikia nguo."

"Na?"

"Wanakushukuru kwa ushirikiano."

Wiki tatu sikula vizuri kwa ajili ya rangi! Nilikuwa namtazama mtu huyu kwa upenyo wa pazia kama mwuaji, kwa ajili ya rangi! Nikamwambia hivyo hivyo, Bwana Selvam nimekudhania mabaya, nisamehe. Akasema hilo nalo haliko katika idara yake. Akabonyeza kitu kwenye simu, akasema imekwenda.

Jumatatu, 2 Septemba

Siku ya mwisho ya mwezi. Leo jioni milango ya kuzimu inafungwa.

Saa tisa na nusu mlango umegongwa. Bwana Selvam, shati limepigwa pasi, ametoka duka la fotokopi. Kibali kimekuja. Jina langu, anwani yangu ya kweli, na kwenye jina la mnyama: Tauhu. Dume. Mweupe. Nimekisoma nikiwa nimesimama, nimekisoma tena nikiwa nimekaa. Nikamwambia nataka nakala, nina mtu wa kumpelekea.

"Nilijua," akasema, akanipa nakala.

Jua lilikuwa linashuka tulipofika kwenye pipa. Wachache walikuwa wanamalizia za mwisho. Nilichoma sarafu za karatasi kwanza, kama inavyotakiwa, ili Hock Leong akirudi kuzimu asisumbuliwe njiani. Kisha nikakikunja kile kibali mara mbili. Nikamwambia, "Hock Leong, soma hii. Mvua imeisha, na bado yupo. Hakuna atakayekuja kumchukua. Na bia yako kunywa kwenye glasi." Nikakiachia. Kilijikunja, muhuri ukawa wa mwisho kuungua.

Bwana Selvam alikuwa hajaondoka. Nikaona ameshika karatasi nyingine. Nakala ya pili, Tauhu huyo huyo, muhuri huo huo.

"Hiyo ya nini?"

Alitazama pipa, akatazama watu waliokuwa pale, kama mtu aliyesimama mlangoni mwa ofisi asijue kama abishe hodi. Miaka thelathini nchi nzima ilimuuliza mtu huyu kipi ruksa na kipi marufuku.

"Sisi wafu wetu hatuwapelekei hivi," akasema. "Dini yetu ni nyingine. Mtu kama mimi... anaruhusiwa?"

Nilitaka nijibu vizuri, maana ni mara ya kwanza na ya mwisho mimi kuulizwa.

"Inaruhusiwa, Bwana Selvam. Moto uwe ndani ya pipa. Majivu yasiruke."

Akainama. Alisema maneno kwa Kitamil, sikuyaelewa ila jina lake, Pushpa, mara mbili. Akaiweka karatasi motoni kwa mikono miwili, taratibu, akakaa pale mpaka ikaisha. Kisha akauchukua ufagio, na mimi nikachukua kizoleo, tukafagia mpaka pembeni.

Tulipoinua macho, ghorofa ya tisa kulikuwa na kitu cheupe nyuma ya wavu, kimekaa, kinatutazama. Yeyote aliyepita chini angemwona. Nimepanda, nimempa chakula chake kipya ambacho hakipendi, na pazia nimeliacha wazi.